Ahadi ya Maji

Penye maji mwanadamu huuliza maswali mawili. Kwanza huuliza: yako wapi? Pili huuliza: ni ya nani? Swali la kwanza ni la kiu na la pili ni la sheria. Lakini liko la tatu, ambalo aghalabu halipati wa kuliuliza mpaka wakati wake umekwisha kupita: ni kiasi gani? Watu wengi hudhani kuwa swali hili ni la mhandisi peke yake, na kuwa mwanafalsafa, mshairi na mwalimu wa lugha hawana neno la kusema juu yake. Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa dhana hiyo si sawa. Nadai kwamba kupima maji ya mto, ya chemchemi na ya chini ya ardhi kabla ya kuwaahidi watu ni wajibu wa uadilifu kabla ya kuwa kazi ya ufundi. Na kwamba aahidiye maji asiyoyapima hukosa, hata kama nia yake ni njema, na hata kama, kwa bahati, maji yenyewe yakapatikana.

Nachukua mfano wangu Maramba, kwa kuwa ndiko nilikokosea mimi mwenyewe.

Maramba iko katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Muheza, kabla Mkinga haijamegwa katika muongo wa kwanza wa karne hii. Msafiri atokaye Tanga mjini huiacha pwani, akapita mashamba ya minazi, mikonge na michungwa, mpaka akaiona milima imesimama mbele yake ikiwa imevaa misitu na mawingu. Macho humwambia kuwa nchi hii haiwezi kujua kiu. Macho yake humdanganya. Amani, iliyo juu ya milima hiyo, hupata mvua ya milimita 1,900 hivi kwa mwaka, na Tanga mjini hupata 1,200 na zaidi. Lakini kadiri mtu aelekeavyo kaskazini na magharibi, kwenye nyika ya Mto Umba, mvua hupungua sana, na kiangazi huwa kirefu. Tena mvua ya mlimani haishuki sawasawa kwa kila kijiji. Mto Zigi hushuka kutoka Amani ukaelekea Tanga. Mto Umba hutoka Usambara Magharibi, ukapita nyikani, ukavuka mpaka, ukamwagika baharini karibu na Vanga katika nchi ya Kenya. Kijiji chaweza kuishi kikiyatazama mawingu ya mlima kila asubuhi, na maji ya mawingu hayo yakapita upande mwingine.

Chini ya ardhi mambo yamefichika zaidi. Milima hiyo na nyanda zilizo miguuni pake zimekalia miamba ya kale, migumu, ambayo yenyewe haishiki maji. Maji hukaa katika udongo uliotokana na kuoza kwa mwamba, na katika nyufa zake. Kwa hiyo kisima kimoja chaweza kupata maji, na kingine kilichochimbwa hatua mia kutoka hapo kikawa kikavu. Ukiikaribia bahari miamba hubadilika ikawa ya chokaa na matumbawe, ambamo maji hupita kwa wepesi. Lakini huko nako chumvi ya bahari iko chini, yangoja nafasi yake.

Sasa nieleze kosa langu. Yapata miaka ishirini na kitu tangu niliporudi likizoni, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, katika kijiji kimoja cha Maramba alikokuwa akikaa shangazi yangu. Ulikuwa mwezi wa Mei na masika yamekolea. Shirika moja, ambalo silitaji kwa jina kwa kuwa kosa ninalolieleza ni langu, lilikuwa limekwisha kuchimba kisima na kuweka pampu ya mkono. Wazee wa kijiji walinijia wakaniambia, “Wewe ndiye msomi wetu, tuandikie risala.” Niliiandika usiku mmoja kwa mwanga wa taa ya chemli. Niliipamba kwa methali, na katikati yake nikaweka sentensi ambayo nilijivunia sana: kwamba tangu siku ile shida ya maji katika kijiji chetu imezikwa, na kisima kile ndicho kaburi lake. Watu walipiga makofi. Mgeni wa heshima alinishika mkono. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje, wala mimi mwenyewe sikujiuliza.

Chini ya kijiji palikuwa na kisima cha kale, kifupi, kando ya mkuyu. Maji yake yalikuwa machache, lakini yalikuwa na desturi ya kuwapo. Kisima kile kilikuwa na sheria zake: hapakufuliwa nguo, hapakunyweshwa ng’ombe, na mkuyu haukukatwa. Baada ya risala yangu sheria hizo hazikuwa na mlinzi, maana nani alindaye kisima cha watu ambao shida yao imezikwa? Ng’ombe waliingia, na mkuyu ukakatwa. Februari iliyofuata pampu ilipopandishwa na kushushwa ilitoa pumzi na tope. Niliporudi tena kijijini nilimkuta shangazi yangu njiani, ana dumu la maji kichwani, anatoka mtoni, mwendo wa zaidi ya saa moja kwenda na kurudi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitua dumu lake, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, risala yako ilikuwa nzuri sana.” Hakusema zaidi. Nimesoma vitabu vingi vya maadili tangu siku ile, na sijaona hukumu iliyo fupi na ya haki kuliko hiyo.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliwahimiza watu wauache mbachao wao kwa ajili ya msala ambao sikujua utapita lini. Hata hivyo kwa miaka kadhaa nilijitetea moyoni. Nilisema: sikuchimba mimi, sikusema uongo, niliamini nilichokisema. Utetezi huo ulivunjika siku niliyoisoma insha ya William Kingdon Clifford, Mwingereza mtaalamu wa hesabu, iliyochapishwa mwaka 1877 juu ya uadilifu wa kuamini.

Clifford alitoa mfano wa mwenye merikebu aliyekuwa karibu kuituma baharini ikiwa imejaa wahamiaji. Alijua kuwa ni kuukuu na kuwa yahitaji kukaguliwa. Lakini ukaguzi una gharama. Basi akajituliza moyo kwa kufikiri kwamba imesafiri salama mara nyingi, na kwamba Mungu hatawaacha watu wale wanaotafuta maisha mema ng’ambo. Alijituliza mpaka akaamini kwa unyofu kabisa kuwa merikebu ni salama. Ikazama katikati ya bahari na watu wake. Clifford auliza: je, unyofu wa imani yake wamwondolea hatia? Ajibu kuwa hapana, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini vile kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha aongeza neno ambalo ndilo kiini cha hoja yake: hata kama merikebu ile ingalifika salama, hatia yake isingalipungua; ingalikuwa hatia isiyogunduliwa, basi.

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa mfano huu, kwa kuwa amjua nahodha asiyeitazama kalafati ya jahazi lake kabla ya kutweka tanga. Lakini tuuchukue kutoka baharini tuulete kisimani. Tofauti ya mwongo na mtu ninayemzungumzia ni hii: mwongo ajua kuwa hakuna maji, akasema yapo, huyu mwingine hajui kama yapo au hayapo, akasema yapo. Mwongo twamfahamu, na sheria yamfahamu. Huyu wa pili ni mgumu zaidi kumshika, kwa kuwa hujidanganya yeye kwanza, ndipo akawadanganya wengine kwa moyo mweupe. Machozi yake siku ya ufunguzi ni ya kweli. Lakini machozi ya kweli hayajazi kisima.

Yawezekana mtu akauliza: je, kujua kiasi cha maji kwawezekana? Kama ni jambo lililo nje ya uwezo wa binadamu, hapana wajibu. Lakini kupima si uganga. Chukua dumu la lita 20, likinge penye mfereji wa chemchemi, uhesabu sekunde. Tuseme katika masika linajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, au lita 43,200 kwa siku nzima. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Kwa kiwango hicho chemchemi hiyo yatosha watu 1,728. Kijiji cha watu 1,500 kitapiga vigelegele. Sasa urudi na dumu lile lile mwishoni mwa kiangazi, ulikute linajaa kwa sekunde 200. Maji yamekuwa lita 8,640 kwa siku. Yatosha watu 345 tu, ama kila mmoja wa wale 1,500 apate lita zisizofika 6. Chemchemi haikusema uongo katika siku hizo mbili. Aliyekosa ni yule aliyeisikiliza siku moja.

Kisima kirefu nacho kina njia yake ya kuulizwa. Maji yake huvutwa mfululizo kwa saa 24 au zaidi, huku kina chake kikitazamwa kinavyoshuka. Kisha pampu huzimwa, yakatazamwa maji yanavyorudi. Katika kurudi huko ndimo mnamojulikana mengi, kwa kuwa kisima chaweza kutoa kwa siku chache akiba iliyokusanyika kwa miaka mingi, kama kijana aliyerithi mali ya baba yake akaitumia akidhani ni mshahara. Hata hivyo jaribio la siku moja halitoshi; mvua yahitaji kupimwa kwa miaka, na kina cha kisima kuandikwa mwezi hata mwezi. Karibu na bahari hesabu ni kali zaidi. Huko maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi. Na kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Basi avutaye mpaka maji yakashuka kwa mita moja tu, baada ya muda ameialika chumvi ipande kwa mita 40. Mwaliko huo ni rahisi kuutoa na ni mgumu sana kuuvunja.

Lakini kipimo kingine kiko vichwani mwa watu, nacho husahauliwa na wapimaji wenyewe. Mwanamke aliyeteka maji kwa miaka thelathini ajua mwezi ambao foleni huanza kupangwa usiku wa manane; ajua mwaka ambao mto ulibaki madimbwi; ajua kisima kipi huwa na magadi kikipungua. Mtaalamu aliyekaa siku tatu mwezi wa Mei hujua alichokiona Mei. Sisemi kuwa kumbukumbu ya watu haikosei. Hukosea, na kijiji kinachoogopa kukosa mradi chaweza kumficha mgeni ubaya wa kiangazi chake. Nasema kuwa chombo na kumbukumbu husahihishana, na kwamba mpimaji asiyemuuliza mtekaji amepima nusu. Methali yetu yasema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa kawaida twaitumia kumwonya mtu mwenye majivuno. Laiti tungaliisoma pia kwa maana yake ya wazi, tungaliona kuwa lugha yetu ilikwisha kuwa na kanuni ya Clifford kabla hatujamsoma.

Kosa hili si la kijiji kimoja wala la zama moja. Pwani yetu imejaa majina yatokanayo na visima, kama Kisimatui karibu na Tanga na Kisima Majongoo katika mji wa Unguja. Ni ushahidi kuwa watu walitangulia kuuliza maji, kisha wakajenga. Hata hivyo kutangulia kuuliza mara moja si kuuliza daima. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, visima ni vingi kando ya misikiti na nyumba. Huonekana humo dalili ya kisima kuchimbwa tena ili kiyafuate maji yaliyokuwa yakishuka, na kushuka huko kumehesabiwa kuwa moja ya sababu zinazodhaniwa za mji ule kuhamwa katika karne ya 17. Mji uliokuwa na misikiti ya mawe na vyombo vya kauri vya China uliachwa kwa miti na nyani.

Katika zama zetu mfano ulio karibu ni wa nchi nzima. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea mpango wa miaka ishirini: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika mwendo wa mita 400. Ilikuwa ahadi tukufu, na haifai kuikejeli. Tena upimaji ulifanywa. Nchi rafiki zilishirikiana na Serikali kuandaa mipango ya maji ya mikoa, Finland kwa Mtwara na Lindi, Uholanzi kwa Shinyanga na Morogoro, Ujerumani Magharibi kwa Tanga. Lakini wakati wapimaji wakiandika, watu walikuwa wakihamishwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo iishe kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mahali pengi kijiji kiliwekwa kando ya barabara, na maji yakaulizwa baadaye. Mwaka 1991 ulipofika, hata nusu ya watu wa vijijini walikuwa hawajafikiwa. Na vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji. Sisemi kuwa kutopima ndiko sababu pekee. Kulikuwa na ukosefu wa fedha, wa dizeli, wa vipuri na wa usimamizi. Nasema tu kwamba chombo kikiharibika fundi aweza kukitengeneza, lakini hakuna fundi awezaye kutengeneza maji ambayo hayakuwapo.

Hapa twalifikia swali la pili nililoanza nalo, yaani maji ni ya nani, na twaona kuwa haliwezi kujibiwa kabla ya la tatu. Mwishoni mwa karne ya 17 John Locke alifundisha kuwa maji yatiririkayo katika chemchemi ni ya wote, lakini yaliyomo mtungini ni ya yule aliyeyateka. Tena kwa mtu ajichukuliaye sehemu ya vitu vya wote, aliweka sharti: awabakizie wengine vya kutosha na vizuri vile vile. Sharti hilo ni zuri. Lakini, msomaji, hebu tazama ugumu wake. Nitajuaje kuwa nimewabakizia wengine maji ya kutosha, ikiwa sijui yapo kiasi gani? Mtu asiyepima hawezi kutimiza sharti la haki isipokuwa kwa bahati, na haki itegemeayo bahati si haki.

Wanasheria wa Kiislamu, ambao fikra zao zimeishi pwani hii kwa karne nyingi, waliliona jambo hili kwa upande wa vitendo. Waliweka harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka, wengine wakilikadiria kuwa dhiraa 40, ambalo mtu mwingine asichimbe humo kisima chake asije akayanyonya maji ya kwanza. Sheria hiyo ilikiri kuwa visima viwili vyaweza kuwa vya watu wawili huku maji yake yakiwa mamoja. Leo twajua kuwa dhiraa 40 huenda zisitoshe, kwa kuwa pampu ina pumzi ndefu kuliko kamba na ndoo; kwa hiyo harimu ya zama zetu haiwezi kupimwa kwa mkono, yapasa kupimwa kwa elimu ya miamba. Kanuni ni ile ile. Kilichobadilika ni urefu wa dhiraa.

Na jirani huyo wa kisimani si lazima awe karibu. Mji wa Tanga hunywa maji ya Mto Zigi yaliyozuiwa na bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Maji hayo hulindwa na misitu iliyo juu, kama ile ya Hifadhi ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Katika kuunganisha misitu hiyo, wakulima zaidi ya elfu moja waliokuwa na iliki na mazao mengine katika ukanda wa Derema waliyaacha mashamba yao kwa fidia. Sitaki kuhukumu hapa kama fidia ile ilitosha. Nataka tuone tu kuwa mtu afunguaye bomba mjini hunywa pamoja na maji yale sehemu ya shamba la mtu asiyemjua; na kwamba kidakio cha maji ni undugu ambao watu wameingizwa ndani yake na ardhi, bila ya kuulizwa. Undugu usiohesabiwa huzaa dhuluma isiyoonekana.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka kumi, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, ili kupanua miundombinu yake. Naitaja si kwa kuilaumu, bali kwa kuwa yatufundisha jambo. Wanunuzi wa hatifungani hawakupewa risala. Walipewa waraka wenye hesabu, wakaelezwa mapato, gharama na hatari. Hivyo ndivyo ilivyo haki yao. Lakini mwanakijiji naye hununua ahadi. Hulipa kwa mchango wake, kwa siku zake za kuchimba mtaro, na kwa kisima chake cha kale anachokiacha. Ikiwa mwenye fedha hapewi ahadi isiyo na hesabu, ni kwa nini mwenye dumu apewe? Sioni jibu ila moja, nalo ni la aibu: twadhani kuwa maskini huridhika na maneno.

Basi na tuusikilize upinzani, maana upo, na una nguvu. Mtu aweza kusema: wewe wakaa maktabani, waweza kungoja. Kupima kiangazi na masika, mwaka hata mwaka, ni kazi ndefu, na mwenye kiu hangoji. Katika mwaka huo mmoja watoto watakunywa maji ya dimbwi na kuugua. Je, si dhambi kubwa zaidi kumnyima mtu maji ya leo kwa kuogopa ukame wa mwakani? Nakiri kuwa kama ingenipasa kuchagua kati ya kisima cha miezi tisa na kutokuwa na kisima, ningechagua kisima cha miezi tisa. Shangazi yangu mwenyewe, nilipomuuliza miaka mingi baadaye, aliniambia kuwa ile miezi michache ya pampu ilimpa nafasi ya kulala mpaka alfajiri, na kuwa hakujuta kuipata.

Lakini upinzani huu waonyesha kuwa yafaa kuchimba upesi. Hauonyeshi kuwa yafaa kuahidi upesi. Hayo ni mambo mawili, nasi tumezoea kuyafanya kuwa moja. Hakuna kinachomzuia mchimbaji kusema: “Kisima hiki tumekichimba katika masika, hatujui kiangazi kitafanya nini, msikiache kisima chenu cha kale, msiukate mkuyu, na kila mwezi mmoja wenu aandike kina cha maji.” Maneno hayo hayaongezi gharama hata senti. Kinachopotea ni makofi. Kama yangalisemwa siku ile, pampu ingalikauka vile vile mwezi wa Februari, lakini watu wangalikuwa na pa kwenda. Ahadi ni deni, na deni la haki ni lile lisilozidi uwezo wa mdaiwa. Vivyo hivyo ahadi isizidi ujuzi wa mwenye kuahidi: ajuaye kidogo na aahidi kidogo; asiyejua na atoe msaada wake bila ya ahadi.

Tena tusisahau kuwa ahadi tupu huharibu kitu ambacho hakipimwi kwa lita, nacho ni imani ya watu. Kijiji kilichodanganyika mara moja hutoa mchango wa pili kwa shingo upande, na mtaalamu wa kweli ajapo na hesabu zake hukuta masikio yamekwisha kufungwa. Katika nchi yetu sheria ya mwaka 2009 juu ya rasilimali za maji, na ile ya mwaka 2019 iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, zimeweka vyombo vya kulinda, kupima na kusimamia maji. Na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina umri unaotokana na mwaka 1991. Vyombo ni vyema. Lakini chombo hakina dhamiri. Dhamiri yatoka kwa mtu atiaye sahihi, na kwa mtu aandikaye hotuba ya mwenye kutia sahihi.

Hili la mwisho nawaambia hasa wanafunzi wa lugha. Sisi hatuna dumu wala saa ya kuhesabu sekunde, tukadhani kuwa hatupimi. Kumbe kila siku twapima. Neno “mengi” ni kipimo. Neno “ya kutosha” ni kipimo. “Shida imekwisha” ni kipimo kikubwa kuliko vyote, na mimi nilikitumia usiku mmoja kwa mwanga wa chemli bila ya kwenda kukitazama kisima. Mhandisi akikosea tarakimu, mwenzake aweza kuipitia akaisahihisha. Sisi tukikosea kwa maneno mazuri, watu hutupigia makofi, na kosa letu huhifadhiwa kwa sababu ya uzuri wake.

Shangazi yangu hayupo tena duniani. Kile kisima kifupi kilifukuliwa upya na vijana wa kijiji, wakapanda mkuyu mwingine kando yake. Nao bado ni mdogo. Nilipokwenda mara ya mwisho, mwishoni mwa Februari, nilimkuta msichana mmoja wa shule anashusha kamba yenye mafundo. Nilimuuliza afanyalo. Alisema mwalimu wao amewapangia zamu ya kuhesabu mafundo yaliyolowa, kila Jumamosi, na kuyaandika katika daftari. Nilimuomba daftari nikalisoma. Halikuwa na methali hata moja. Lilikuwa na tarehe na tarakimu, na katika wiki mbili za mwisho, kwa mwandiko wa mtoto, maneno haya: maji yamepungua, tumewaambia watu.

Nikamrudishia daftari lake, nikaondoka. Hiyo ndiyo risala ambayo ilinipasa kuiandika.